Mafuta ya kivumbasi: pua haitoshi kupima dawa mpakani

KOBOKO — Ununuzi wa mafuta ya mitishamba katika masoko ya West Nile huamuliwa na pua. Mnunuzi hufungua kifuniko, hunusa, hudondosha tone mgongoni mwa kiganja, hulisugua, kisha huanza kuvutana bei. Harufu ikipanda kichwani, mafuta ni makali, na yakiwa makali huhesabiwa kuwa mazuri. Kwa kipimo hicho katoni hufungwa kwenye bodaboda na kwenda Oraba hadi Kaya, Sudan Kusini, au kuvuka kuelekea Ariwara, Congo.

Mtu wa mwisho katika safari hiyo huwa ni mzazi aliye mbali na zahanati, anayepaka mafuta kwenye kidonda cha mtoto akitumaini hayataacha usaha uingie. Mafuta yakiwa dhaifu, kidonda kinaoza huku harufu ya dawa ikiendelea kumpa mzazi moyo. Mfanyabiashara naye hupoteza mteja bila kujua sababu, maana chupa aliyouza mwezi uliopita na aliyouza leo zilinuka sawasawa.

Chukua kivumbasi. Ni mmea wa jamii ya mrehani, mrefu kuliko mrehani wa jikoni, unaoota kando ya nyumba na mashamba kote Afrika Mashariki. Waganda huuita mujaaja na huuchemsha kwenye chai. Wengi huutumia kwa mafua, kwa tumbo na kufukuzia mbu. Wanasayansi huuita Ocimum gratissimum, na wameupima mara nyingi kwa sababu mafuta yake huua bakteria wa aina kadhaa katika maabara.

Tatizo ni kwamba jina hilo moja hubeba mafuta tofauti. Kuna kivumbasi ambacho mafuta yake yamejaa thimoli, kemikali ileile inayofanya mafuta ya zaatari yasifike kama dawa ya kooni. Kuna kingine kilichojaa eugenoli, kemikali inayoyapa mafuta ya karafuu nguvu ya kutuliza jino. Kwa jicho la mkulima ni mmea mmoja. Kwa bakteria ni silaha mbili, na kipimo kinachofaa kwa moja si lazima kifae kwa nyingine.

Watafiti wa Kenya waliochapisha matokeo yao mwaka 2007 walipima kivumbasi cha Meru na kukuta eugenoli asilimia 68.8. Miaka minane kabla ya hapo, watafiti wa Brazil walikuwa wameonyesha jambo linalomhusu moja kwa moja mvunaji: eugenoli katika mafuta ya mmea huo ilifika asilimia 98 majani yalipovunwa adhuhuri, ikashuka hadi 11 yalipovunwa saa kumi na moja jioni. Shamba lilikuwa moja na mmea mmoja. Haimaanishi kwamba kivumbasi cha West Nile kitafuata saa zilezile za Brazil, ila inamaanisha kwamba anayeuza mafuta bila kujua majani yalikatwa lini anauza kitu asichokijua.

Ndiyo maana wanasayansi wa dawa za mimea hutafuta kile wanachokiita alama ya ubora: kemikali moja au chache ambazo kiasi chake kikijulikana, nguvu ya chupa nzima inaweza kukadiriwa. Wazo lenyewe lilipewa jina na kanuni mwaka 2016 na mwanasayansi wa China, Liu Changxiao. Alitaka kemikali hiyo iwe inatokana na mmea wenyewe, iweze kupimwa, iweze kufuatiliwa kutoka shambani hadi kwenye bidhaa, na iwe na uhusiano unaoonekana na kazi ambayo dawa inadaiwa kufanya.

Sharti la mwisho ndilo gumu. Mafuta ya kunukia huwa na kemikali nyingi, pengine makumi, na iliyo nyingi zaidi si lazima iwe ndiyo inayoua. Maabara huanza kwa kukusanya sampuli nyingi za mmea mmoja kutoka maeneo na misimu tofauti. Kila sampuli hupitishwa kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, ambayo huyageuza mafuta kuwa mvuke na kuutenganisha, kila kemikali ikitoka kwa wakati wake na kuchora kilele chake kwenye chati. Chati hiyo ni kama alama ya kidole ya mafuta yale.

Kisha mafuta hayohayo hupelekwa kwa bakteria. Kikaratasi kilicholoweshwa mafuta huwekwa katikati ya kisahani chenye bakteria waliopandwa. Kesho yake hupimwa duara tupu linalozunguka kikaratasi, mahali ambapo bakteria wameshindwa kuota. Hutafutwa pia kiasi kidogo kabisa cha mafuta kinachoweza kuwazuia. Baada ya hapo chati zote huwekwa karibu na matokeo yote na kuulizwa swali moja: ni vilele vipi huongezeka kila nguvu inapoongezeka na kupungua inapopungua? Hivyo ndivyo vinavyoshukiwa. Kemikali zake hujaribiwa peke yake, na kama nazo zinaua, maabara imepata alama.

Thimoli na eugenoli zimekwisha kupita majaribio ya namna hiyo katika mimea mbalimbali. Zote mbili hushambulia utando unaoizunguka seli ya bakteria mpaka vilivyomo ndani vinavuja. Lakini kisahani si mwili wa mtu. Mafuta yaliyosafisha kisahani yanaweza kuchoma ngozi ya mtoto yakipakwa bila kuchanganywa, na hakuna duara la maabara linalompa mtu ruhusa ya kuacha antibiotiki aliyoandikiwa.

Upimaji huonyesha pia yasiyotakiwa. Kivumbasi kile cha Meru kilikuwa na methili eugenoli kiasi cha asilimia 13. Mwaka 2023 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kemikali hiyo katika kundi la zile ambazo huenda zikasababisha saratani kwa binadamu. Majina yanakaribiana, lakini moja ni sababu ya kununua na nyingine ni sababu ya kuuliza maswali.

Wafanyabiashara wa karafuu wameshazoea lugha hii. Mafuta ya karafuu yanayotaka kuitwa dawa Ulaya lazima yawe na eugenoli kati ya asilimia 75 na 88, na anayeuza kutoka Pemba au kwingineko hulipwa kwa namba hiyo. Huko Kakamega, Kenya, wakulima wa kikundi cha Muliru walifanya kazi na kituo cha utafiti cha icipe kwa ndugu wa kivumbasi anayejulikana kwa kafuri, Ocimum kilimandscharicum, na kutengeneza dawa ya kupaka ya Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mmea ule ulikuwa kwenye msitu wa Kakamega siku zote, lakini uliingia dukani baada ya kupimwa.

Mfanyabiashara wa Koboko hana mashine, na kumtaka apeleke kila chupa Kampala, safari ya takriban kilomita 500 kutoka Arua, ni mzaha. Analo jaribio moja la bure: tone kwenye karatasi nyeupe. Mafuta halisi ya kunukia huruka, hata kama huchukua muda, na hayaachi doa la mafuta. Doa likibaki, kuna uwezekano yameongezwa mafuta ya kupikia. Jaribio hilo halimkamati anayechanganya kafuri au eugenoli ya kiwandani, na hao ndio wajanja.

Kwa hiyo mzigo unapaswa kumwangukia anayekeneka mafuta. Yeye ndiye mwenye jerikani nzima, na kipimo kimoja kinaweza kutumika kwa chupa zote za toleo moja. Wanunuzi wa mpakani, wakinunua kwa pamoja, wana nguvu ya kukidai.

Upande wa sheria nao haujali harufu. Uganda, Congo na Sudan Kusini sasa zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya humruhusu mwenye bidhaa za asili ya kanda zisizozidi dola 2,000 kutumia cheti chepesi. Cheti hicho kinasema bidhaa imetoka wapi. Hakisemi ndani ya chupa kuna nini. Chupa ikishaandikwa kwamba inatibu, inaingia mikononi mwa mamlaka za dawa, na Uganda mamlaka hiyo, NDA, ina ofisi Arua. Ni nafuu kuwauliza kabla ya kulipia katoni kuliko baada ya kusimamishwa Oraba.

Karatasi ya kudai kwa muuzaji si ndefu: jina la kisayansi la mmea, mahali na tarehe ya kuvuna, namba ya toleo inayofanana na iliyo kwenye chupa, na asilimia ya thimoli, eugenoli na methili eugenoli, pamoja na jina la maabara iliyopima. Chupa iwe ya kioo cheusi au cha kahawia, maana mwanga na joto huyaharibu mafuta hata yaliyopimwa vizuri, na jua la Koboko mchana halimsubiri mteja.