Je, Wajua? Waya wa MIDI Haupitishi Sauti
Je, wajua ya kwamba waya wa MIDI uunganishao kinanda na kompyuta katika studio za Nakuru, ambamo nyimbo za injili, za Kikuyu na za Kikalenjin hurekodiwa, haupitishi sauti hata chembe, bali amri tupu: noti fulani ipigwe, kwa nguvu ya kipimo cha 1 hadi 127, kisha iachwe? Kanuni ya MIDI, ambayo Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani ni miongoni mwa waasisi wake, na iliyodhihirishwa hadharani mwaka 1983, huchukua njia 16 katika waya mmoja, kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde.

Kasi hiyo ni haba. Na mpigaji mwenye mkono mzito, akizidi kukandamiza vibonyezo baada ya kuvipiga, humwaga mfululizo wa habari za mkandamizo ambazo ala nyingi hazina haja nazo, hata noti zenyewe zikachelewa. Hapo ndipo kiunganishi chenye kichujio kinapostahili sifa, kwani huzizuia habari hizo mlangoni, kikaielekeza njia ya 10 kwenye ngoma, kama ilivyo ada, na nyingine kwenye besi. Amri ya kuachia noti, hata hivyo, haichujwi kamwe. Ikichujwa, noti hulia bila kukoma.