Luberizi: Si kila kuhara ni kipindupindu

Katika bonde la Ruzizi, mtoto akianza kuhara maji na kutapika, neno la kwanza linalotajwa nyumbani ni kipindupindu. Luberizi iko kwenye barabara ya taifa namba 5, katika territoire ya Uvira, na hofu hiyo ina msingi. Utafiti uliochunguza wagonjwa wa mji wa Uvira kati ya 2009 na 2014 ulionyesha kwamba maji ya bomba yakikatika, idadi ya wanaolazwa kwa dalili za kipindupindu hupanda katika siku 12 zinazofuata.

Lakini kushukiwa si kuthibitishwa. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2023, ulikadiria kwamba karibu nusu tu ya wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu wanakuwa nacho kweli. Wengine wanaumwa nini?

Kwa watoto, mara nyingi ni virusi. Mwaka 1973, huko Melbourne, Australia, Ruth Bishop na wenzake waliona rotavirusi katika matumbo ya watoto waliokuwa wakiharisha. Kabla ya hapo, hospitali zilikuwa zikiwatibu watoto wengi bila kujua kilichowaumiza. Kujulikana kwa kirusi hicho ndiko kulikofungua njia ya chanjo, ambayo RDC iliiingiza katika ratiba ya watoto mwaka 2019.

Tangu wakati huo orodha imeendelea kurefuka. Bokavirusi ya binadamu ilitangazwa mwaka 2005, na kosavirusi mwaka 2008, baada ya kupatikana katika choo cha watoto wa Asia ya Kusini. Kipimo cha haraka cha kipindupindu hakiwezi kuvionyesha virusi hivyo. Hata PCR, iliyozoeleka wakati wa Covid-19, hupata kile tu ilichotengenezwa kukitafuta.

Kivu Kusini imekwisha kuliona jambo hilo. Huko Kamituga, sampuli za wagonjwa wa mpox zilizokusanywa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 zilikuwa na aina mpya ya kirusi, iliyopewa jina la Ib. Kipande cha jeni ambacho kipimo kimoja cha PCR kilikitegemea kilikuwa kimetoweka. Aina hiyo ilitambuliwa kwa kusoma jeni zote za kirusi. Mwezi wa Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani likatangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa.

Kwa ugonjwa wa kuhara, kazi ni ngumu zaidi. Choo cha mtoto huwa na vijidudu vingi kwa wakati mmoja, na kosavirusi hupatikana hata kwa watoto wazima. Kwa hiyo kukuta kirusi kipya hakutoshi kukihukumu. Ni lazima watoto wanaoharisha walinganishwe na wasioharisha wa umri na kijiji kimoja. Sampuli nazo zinapaswa kubaki kwenye baridi hadi zifike maabara, jambo gumu pale ambapo umeme ni haba na barabara haina usalama.

Kwa mzazi wa Luberizi, jina la kirusi halibadilishi hatua ya kwanza: mtoto apewe maji ya ORS mapema, aendelee kunyonya, na apelekwe kituo cha afya akilegea, akiwa na damu katika choo au akishindwa kunywa. Virusi haviuawi na antibiotiki, na mtoto mwingi hufa kwa kukaukiwa maji mwilini.

Jina hilo linabadilisha mambo ya kesho: chanjo gani itafutwe, na ni mlipuko gani utangazwe. Kuhara bado kunaua watoto wapatao 440,000 wenye umri chini ya miaka mitano kila mwaka duniani. Kila mgonjwa akiendelea kuandikwa kipindupindu bila kupimwa, kirusi kipya kinaweza kupita Luberizi bila mtu kukiona.