Ndege ikitunguliwa "kwa bahati mbaya", nani abebe mzigo?

Tarehe 3 Julai 1988, vita ya Iran na Iraq ikielekea ukingoni, meli ya kivita ya Marekani iitwayo Vincennes ilitungua ndege ya abiria ya Iran Air. Ilikuwa inatoka Bandar Abbas kwenda Dubai, safari fupi tu ya kuvuka Ghuba. Walikufa watu 290, na 66 kati yao walikuwa watoto. Wanamaji walidhani ni ndege ya kivita aina ya F-14 inawashukia, wakati mitambo ya meli yao wenyewe ilikuwa inaonyesha ndege inapanda.

Haya, tukubali ilikuwa ajali. Hakuna aliyeamka siku ile akapanga kuua watoto. Lakini meli ilikuwa imeingia kwenye maji ya Iran, na nahodha wake baadaye akapewa nishani ya utumishi! Mwaka 1996 Marekani ikakubali kuzilipa familia dola milioni 61.8, bila kukiri kosa kisheria.

Sasa hapo ndipo mijadala yetu ya hosteli inapoharibika. Mtu anasema "Wamarekani wote wauaji", basi, kesi imefungwa. Samaki mmoja akioza, eti wote wameoza.

Mwanafalsafa Karl Jaspers aliwafundisha wanafunzi wa Heidelberg swali hilihili kati ya 1945 na 1946, Ujerumani ikiwa magofu. Alitenganisha hatia za aina nne, mimi nachukua mbili tu. Hatia ya jinai ni ya mtu aliyetenda. Huwezi kulifunga jela taifa. Ya kisiasa inamgusa kila raia, kwa kuwa serikali inatenda kwa jina lake. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya msingi kule Ohio si muuaji, ila kodi yake kuchangia fidia ni halali kabisa, hata kama aliipinga sera ile. Kwangu mimi fidia bila kukiri ni nusu ya deni, maana pesa zimetoka kwa wananchi wote wakati waliotoa amri hawakuguswa.

Miaka 32 baadaye kibao kikageuka. Tarehe 8 Januari 2020, jeshi la Iran lilitungua ndege ya Ukraine iliyokuwa imetoka tu Tehran, likidhani ni kombora la adui. Walikufa 176, wakiwemo wanafunzi waliokuwa wanarudi vyuoni Kanada. Serikali ilikana kwa siku tatu, ndipo ikakiri. Waliojitokeza kuidai ukweli ni wanachuo wa Tehran wenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Shahid Beheshti, bendera za Marekani na Israel zilikuwa zimechorwa chini ili watu wazikanyage. Umati ukagawanyika, wakapita pembeni.