Msikilize Kwanza, Mjibu Baadaye

Darasani kwangu kuna sheria moja: humjibu mwenzako mpaka uirudie hoja yake kwa maneno yako, naye akubali, "Ndiyo, hicho ndicho nilichosema." Mwanzoni wanafunzi hucheka. Baadaye wanagundua kumbe walikuwa wanasubiri tu zamu ya kuongea.

Zoezi hilo si langu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alilipendekeza miaka ya 1950, na mwaka 1957 yeye na Richard Farson waliandika kijitabu kuhusu usikilizaji wa aina hiyo.

Sasa mpenzi msomaji, nyumbani je? Mwenzio anasema, "Siku hizi unachelewa sana." Wewe jibu unalo tayari: foleni, bosi, kazi. Kumbe yeye anataka kukwambia upweke umemzidi!

Leo weka simu pembeni, mtazame, msikilize mpaka mwisho. Kisha muulize, "Una maana nikichelewa unajiona mpweke?" Akisema siyo, usibishe, mwache aeleze tena.

Kurudia maneno yake si kukubali kosa. Wanafunzi wangu bado wanabishana, tena sana tu, ila sasa wanabishana juu ya jambo moja. Wapenzi wengi hata hapo hawajafika.