Maana ya Kunyamaza Siku ya Ukumbusho

Wengi waendao kutazama gwaride la ukumbusho wa askari wa vita, tarehe 11 Novemba, huona jambo la kuwashangaza. Ifikapo saa tano ya asubuhi, tarumbeta hulia, na watu wote hunyamaza kimya kwa dakika mbili. Maana yake ni hii: siku na saa hiyo, mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilikoma huko Ulaya. Desturi ya kunyamaza ilianza mwaka 1919.

Lakini katika Afrika ya Mashariki habari ilichelewa. Jemadari von Lettow-Vorbeck na askari wake waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Katika vita hiyo wapagazi walikufa wengi kuliko askari, kwa maradhi na njaa, na walio wengi hawana kaburi lenye jina. Mjini Dar es Salaam sanamu ya Askari ilisimamishwa mwaka 1927. Wapagazi nao wasikika katika jina la Kariakoo, palipokuwa kambi yao.

Basi msomaji, ukihudhuria, vua kofia, simama wima, na katika dakika zile mbili umkumbuke pia yule aliyebeba mzigo.