Mashine ya Kusafisha Damu Ikilia, Tuangalie Nini Kwanza?

Vikundi vingi vya kujisaidia vimewahi kuchangia mwenzao ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi. Pesa zikishapatikana, kuna mtu wa nyumbani anayeketi kando ya mgonjwa kama saa nne hivi, na huyo ndiye hushtuka mashine inapoanza kulia. Leo tuongee naye.

Hapa Kenya wengi husafishiwa damu hospitalini. Huko, kengele ikilia, mwite sista na usiguse kitufe chochote. Lakini ng'ambo, kama Uingereza na Marekani, tangu miaka ya 1960 wako wagonjwa wanaofundishwa kufanya kazi hiyo nyumbani, na mke, mume au mtoto huwa msaidizi. Kengele ni zile zile.

Damu hutoka kwa sindano moja, hupita kwenye chujio, na hurudi mwilini kwa sindano ya pili. Mashine ikiona kasoro katika njia hiyo, hulia na kusimamisha pampu ili mgonjwa asiumie. Kile kitufe cha kunyamazisha huondoa kelele tu, shida inabaki pale pale. Basi mtazame mgonjwa kwanza, halafu sindano zote mbili, ufuate mirija mpaka kwenye mashine, ndipo usome maandishi.

Mara nyingi ni jambo dogo: mkono umekunjwa, mrija umekaliwa, au sindano imegusa ukuta wa mshipa. Lakini kama mgonjwa anatoka jasho, anapiga miayo au anasikia kizunguzungu, huenda presha ya mwili wake imeshuka, na hapo hata ukinyoosha mirija mchana kutwa hutasaidia. Anahitaji kulazwa chali, miguu iinuliwe, na mambo mengine aliyoagizwa na hospitali yake. Presha ya mrija wa kurudisha damu ikipanda, tazama kama umebanwa au damu imeanza kuganda.

Presha ya mrija huo ikishuka, hiyo ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Huenda sindano imechomoka. Pampu ikisukuma mililita 300 kwa dakika, dakika nne zinatosha kumwaga zaidi ya lita moja, na mtu mzima ana damu ya lita tano hivi. Ubaya ni kwamba mashine nyingi, ukibonyeza kitufe cha kuendelea, huchukua presha mpya iliyopo kuwa ndiyo ya kawaida. Yaani pampu inaanza tena, damu inamwagika kwa godoro, na mashine imenyamaza! Wakati mwingine hata hailii tangu mwanzo, kwa sababu presha imebadilika kidogo tu. Kwa hiyo mkono wenye sindano usifunikwe blanketi hata kama kuna baridi, na plasta zikaguliwe kila mara. Ukikuta damu, simamisha pampu, bana mirija, ukandamize tundu la sindano, kisha uite msaada.

Kengele ya hewa nayo haina mjadala. Mashine hubana mrija wenyewe ili kiputo kisifike mwilini. Usiufungue kwa nguvu. Tafuta mahali mrija ulipolegea, na usiendelee mpaka hewa yote iondolewe kama mlivyofundishwa. Kengele ya maji na chumvi mara nyingi ni mtungi uliokwisha au maji yaliyokatika, na hapo kwa kawaida damu huendelea kuzunguka huku ukirekebisha.

Stima ikipotea je? Baadhi ya mashine zina betri ya muda mfupi. Isipokuwepo, pampu huzungushwa kwa mkono kurudisha damu kabla haijaganda, huku jicho likiwa kwenye mrija, maana wakati huo hakuna kifaa cha kugundua hewa. Msaidizi aonyeshwe mkono huo wa pampu siku ya kwanza kabisa ya mafunzo, na aujaribu mwenyewe, taa zikiwa zinawaka.