Ufukwe wa Kagunga wasubiri hatima yake, barabara na reli zikisogea

GITEGA/MUYINGA. Mfanyabiashara wa Gitega anayefuata bidhaa Tanzania ana njia kuu mbili za kuchagua. Akielekea kaskazini mashariki atapita Karuzi, atafika Muyinga, kisha atavuka Kobero, ambako malori yaliyotoka Bandari ya Dar es Salaam huingia Burundi. Akielekea kusini atapita Rutana na Makamba, atateremka hadi Nyanza-Lac, na hapo atakuwa mbele ya maji ya Ziwa Tanganyika.

Njia ya kwanza inajulikana. Kobero ina maofisa wa forodha na uhamiaji wa Burundi na Tanzania wanaohudumu kwa pamoja, ina mawakala, ina maegesho ya malori. Njia ya pili inaishia kwenye ufukwe ambao hutajwa mara chache katika mikutano ya biashara ya kanda, lakini wachuuzi wa dagaa na mawese wanaujua vizuri. Jina lake ni Kagunga.

Kagunga ni kijiji cha mwisho cha Tanzania kwenye mwambao wa mashariki wa ziwa, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, jirani kabisa na Burundi. Nyuma yake kuna milima mikali, mbele yake kuna maji. Kwa miaka mingi aliyetaka kufika huko alipanda boti au alitembea kwa miguu kwenye vijia vya mlimani. Kwa mtu wa mjini ni ufukwe uliojificha. Kwa mwenye gunia moja la dagaa, ni soko lililo karibu kuliko Kigoma mjini.

Sasa ufukwe huo uko njia panda. Gati limejengwa, soko la mpakani limejengwa, lakini barabara kubwa na reli mpya zinapita mbali nao. Swali kwa wafanyabiashara wadogo wa Burundi na Kigoma ni moja: mlango huu utabaki wazi, au utageuka majengo matupu yanayotazama ziwa?

Meli iliyozaliwa pamoja na Gitega

Bila meli, Kagunga isingejulikana mbali. Na meli yenyewe ina umri unaolingana na mji wa Gitega. Wajerumani waliweka makao yao ya utawala Gitega mwaka 1912. Mwaka uliofuata, katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, iliundwa meli iliyopewa jina la Graf von Goetzen, aliyewahi kuwa gavana wa koloni lao la Afrika Mashariki.

Meli hiyo ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ambako ilishushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya: MV Liemba.

Tangu hapo Liemba imebeba kila kitu: mahindi, mchele, dagaa, mananasi, magodoro, askari, wakimbizi, na watalii waliotoka Ulaya kwa ajili tu ya kusafiri na meli hiyo kongwe. Zamani ilifika hadi Bujumbura, mpaka vita vya miaka ya 1990 vilipokata safari hizo. Upande wa kusini ilifika Mpulungu, Zambia.

Katika vijiji vingi vya mwambao hakukuwa na gati. Meli ilisimama mbali kidogo na nchi kavu, ikapiga honi, na mitumbwi ikaikimbilia. Abiria walipanda ngazi wakiwa na watoto mgongoni. Mizigo ilivutwa kwa kamba. Katika hali hiyo, ufukwe ndio uliokuwa bandari, na wenye mitumbwi ndio waliokuwa gati.

Mei 2015

Dunia iliisikia Kagunga mwaka 2015. Machafuko ya kisiasa yaliyoanza Bujumbura mwishoni mwa Aprili yaliwafanya maelfu ya Warundi kukimbia. Walioishi karibu na Kobero walivukia upande wa Kagera. Wa kusini, hasa wa Makamba na Nyanza-Lac, waliteremka kwenda Kagunga kwa miguu au kwa boti.

Kijiji hicho, ambacho wakazi wake walikuwa wachache sana kulinganisha na wageni, kilijikuta na makumi ya maelfu ya watu wamelala kwenye mchanga. Vyoo havikutosha. Maji ya kunywa yalitoka ziwani, mlemle watu walimoogea. Katikati ya Mei kipindupindu kilithibitishwa. Katika siku chache wagonjwa walifikia takriban 3,000 Kagunga na Kigoma, na watu wapatao 30 walipoteza maisha, wengi wao wakimbizi.

Njia ya kuondoka ilikuwa ni maji. MV Liemba, ikiwa na umri wa miaka 100 tangu iliposhushwa ziwani, ilitumika kuwabeba watu takriban 600 kwa safari moja hadi Kigoma. Haikuweza kusogea hadi ufukweni. Boti ndogo za wavuvi zilizunguka mchana kutwa zikiwapeleka wazee, wagonjwa na kina mama wajawazito kwenye meli. Kutoka bandarini walipelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu, Kasulu.

Waliopita Kagunga mwaka ule hawakuwa wakimbizi tu. Wengi walikuwa wauza samaki, wakulima wa michikichi, mafundi cherehani na wenye maduka. Baadhi yao wamerudi Burundi na kuendelea na biashara zao. Kwao jina Kagunga linakumbusha maiti na mtaji pia.

Funzo la mwaka ule halijapitwa na wakati. Ufukwe uliokosa choo, maji safi na gati ulikuwa hatari kwa mchuuzi hata kabla ya mkimbizi kufika. Kilichowaua watu mwaka 2015 ni upungufu uleule ambao wafanyabiashara walikuwa wameuvumilia kimya kimya kwa miaka.

Gati na soko vimekuja, njia bado

Baada ya hapo Kagunga ilianza kupata kile ilichokosa. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, TPA, ilijenga gati. Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma ilijenga soko la mpakani lililokusudiwa kuwakutanisha wafanyabiashara wa Tanzania, Burundi na Kongo mahali pamoja, penye paa na sakafu. Mchuuzi asiuzie tena kwenye mchanga huku mvua ikimnyeshea mzigo.

Lakini soko huishi kwa watu na mizigo inayofika. Barabara ya kutoka Mwandiga, nje kidogo ya Kigoma mjini, kupanda milima hadi Kagunga imekuwa katika mipango na katika madai ya wananchi kwa miaka mingi. Liemba nayo imekuwa nje ya safari kwa muda mrefu ikisubiri matengenezo makubwa, ambayo serikali ya Tanzania imeyawekea mkataba. Pengo hilo limezibwa na boti za mbao zenye injini, zile zile zinazoonekana Kibirizi, kando ya Bandari ya Kigoma, zikipakia saruji, bia, mabati na abiria kwa pamoja.

Boti hizo ni mkombozi na ni hatari. Hupakia mzigo mdogo ambao meli isingeungoja, na hutia nanga popote. Lakini Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na upepo wake hubadilika ghafla. Boti iliyojaa kupita kiasi, bila majaketi ya kuokoa maisha, inaweza kumaliza mtaji na mwenye mtaji katika dakika chache.

Malori na reli vyachukua mkondo mwingine

Wakati ufukwe ukisubiri, fedha kubwa zinaelekea kwingine. Benki ya Maendeleo ya Afrika imefadhili ujenzi wa barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, yenye urefu wa kilomita 260 upande wa Tanzania, pamoja na kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza upande wa Burundi. Barabara hiyo inafika mpaka wa Manyovu na Mugina, juu ya milima, si mbali na Kagunga kwa kipimo cha ndege. Lori linaloweza kupita Mugina kwa lami halina sababu ya kutafuta boti.

Kisha kuna reli. Agosti 2025 ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, Burundi, ulizinduliwa rasmi, na mpango ni kuiendeleza hadi Gitega. Siku treni itakapoingia Gitega, mji uliotangazwa kuwa makao makuu ya kisiasa ya nchi mwanzoni mwa 2019, hesabu ya usafirishaji itabadilika kwa wote: kwa malori ya Kobero, kwa bandari ya Bujumbura na kwa boti za ziwani.

Kwa mwenye kontena hiyo ni habari njema. Kwa mwenye magunia matatu ya dagaa, haimhusu moja kwa moja. Treni haisimami kijijini kwake na lori la tani 30 halipakii ndoo mbili za mawese. Biashara yake inategemea njia fupi, nauli ndogo na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kagunga ilimpa hivyo vyote, pamoja na shida zake.

Hata mfanyabiashara wa Muyinga, aliye mbali na ziwa, ana sababu ya kufuatilia. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda, na mizigo mingi ikalazimika kutafuta njia nyingine. Tukio hilo lilionyesha jinsi mlango mmoja unavyoweza kufungwa usiku mmoja. Mwenye mlango mmoja huishi kwa huruma ya mlango huo. Kobero ikielemewa au mafuta ya gari yakiadimika, kama ilivyotokea mara nyingi Burundi miaka ya karibuni, samaki na mawese ya ziwani huchelewa na bei sokoni Muyinga na Gitega hupanda.

Ziwa nalo lina neno

Kuna mshindani mwingine ambaye hasaini mikataba: maji. Kuanzia mwaka 2020 Ziwa Tanganyika lilipanda, na mwaka 2024 lilifikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Gatumba ilizama, na maji yaliingia hadi Bandari ya Bujumbura. Katika vijiji vya mwambao, mahali palipokuwa pa kuanikia dagaa pakawa pa kuegeshea mitumbwi.

Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, ulioko Kalemie, Kongo. Mlango huo unapojaa tope na magugu, maji hupanda; unapozibuka, hushuka. Imewahi kutokea: karne ya 19 ziwa lilipanda sana, kisha mwaka 1878 Lukuga ilizibuka na maji yakashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Hivyo gati linalojengwa leo likipimwa kwa maji ya leo tu, linaweza kuzama au kubaki nchi kavu.

Burundi iliweka sheria ya maji mwaka 2012 inayolinda ukanda wa mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika. Sheria hiyo imevunjwa na wengi waliojenga kandokando ya ziwa, na maji yaliporudi yalidai haki yake bila kuuliza hati ya kiwanja.

Anachohitaji mwenye gunia moja

Hatima ya Kagunga haitaamuliwa na saruji peke yake. Inahitaji chombo cha majini chenye ratiba na usalama, barabara ya kutoka mlimani, na maofisa wanaojua kumhudumia mtu anayebeba mzigo kichwani.

Hilo la mwisho ni rahisi kuliko yote. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo Julai 2007, tayari ina utaratibu rahisi wa biashara ndogo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasili mpakani na hazitozwi ushuru wa forodha. Mwenye mzigo hahitaji wakala. Kodi nyingine za ndani zinaweza kubaki, na hati ya kusafiria ni lazima.

Asiyejua hilo hupita njia za panya, hulala porini, na hulipa zaidi kwa watu wasiotoa risiti. Kobero ina mabango na maofisa wa kumweleza. Ufukweni, ambako anahitaji zaidi kuelezwa, mara nyingi humtegemea mwenye boti.

Kabla ya kupakia, wachuuzi wazoefu wa ziwani hufanya mambo matatu: huuliza hali ya upepo kwa wavuvi waliotoka majini asubuhi, hukataa boti iliyozama hadi karibu na ukingo, na hugawa mzigo mkubwa katika boti mbili. Ni busara waliyojifunza bila darasa.

Gati la Kagunga lipo. Soko lipo. Watu wa Nyanza-Lac bado wanaliona kutoka upande wao. Kinachosubiriwa ni honi ya meli, na safari hii isiwe ya kuwaokoa watu.